Uzito Mkavu

Kama kungekuwa na tuzo ya mgonjwa bora, Bwana Mizani angeitia kibindoni kila mwaka, na bado angelalamika kwamba sherehe ilichelewa kuanza.

Jina la Mizani hakupewa na wazazi wake. Alilipata kazini, maana utumishi wake wote alikuwa mkaguzi wa mizani: alizunguka masokoni, buchani na maghalani na mfuko wake wa mawe ya kupimia, akiwaumbua wachuuzi waliochezea kilo. Wapo waliofunga duka kutwa nzima kwa kusikia tu kikohozi chake mtaani. Alistaafu kwa heshima, na kabla heshima hiyo haijapoa, figo zake nazo zikastaafu bila kumuaga mtu. Sasa mara tatu kwa wiki alijilaza kwenye kiti kirefu cha bluu katika chumba cha kusafishia damu, sindano mbili zikiwa zimezama kwenye mkono wake wa kushoto, damu ikitoka, ikipita kwenye mashine, ikirudi imeoshwa.

Katika chumba kile kila kitu kilianzia kwenye mizani. Mtu ambaye figo zimegoma hakojoi, au anakojoa vijiko viwili vitatu. Maji anayokunywa hukaa mwilini mpaka mashine iyatoe. Kwa hiyo mlangoni palikuwa na mizani ya sakafuni, na kila mgonjwa alipanda kabla ya kuunganishwa na baada ya kufunguliwa. Daktari alimwekea kila mmoja uzito mkavu, yaani uzito wa mwili wake ukiwa hauna maji ya ziada. Ukija umeuzidi kidogo, unasamehewa. Ukija umeuzidi sana, basi umekunywa kupita kiasi, na hapo utamjua Sista Mkuu ni nani.

Sista Mkuu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa sauti tu.

"Kilo nne!" angetangaza, na walio kwenye foleni ya dawa kule nje wangejua. "Kilo nne, dereva mzima! Ulikuwa unajaza rejeta?"

Chumba kingeangua kicheko, na dereva wa watu angeelekea kwenye kiti chake kichwa chini kama mwizi wa kuku. Lakini Bwana Mizani akipanda, sauti ilibadilika, ikawa ya harusini.

"Njooni muone. Mzee wangu huyu, hazidi hata kwa bahati mbaya. Huyu ndiye mgonjwa. Jifunzeni!"

Maneno hayo usiyaone madogo. Mtu aliyekuwa akitetemesha soko zima sasa alivalishwa soksi na mkewe. Hakuna aliyemwamkia kwa woga tena. Kilichobaki cha kumfanya ajione bado ni mtu mbele za watu ni ile namba iliyowaka pale miguuni pake, na zile sifa zilizofuata. Angekubali kupoteza vyote vilivyobaki kuliko kuipoteza siku moja ya kupigiwa mfano, na, kama tutakavyoona, alikuwa amekwisha kuanza kuvipoteza.

Maana ukweli ni kwamba Bwana Mizani alikunywa maji kama ng'ombe aliyerudi machungani. Kiu ya ugonjwa ule haina adabu. Inakuamsha, inakufuata chooni, inakaa nawe sebuleni ukitazama habari. Mkewe akitoka tu, mzee alifungua friji akanywa chupa ya baridi akiwa amesimama, macho yamefumbwa, kama mtu anayesali. Mgonjwa mwingine angekunywa, angezidi, angesutwa, yangekwisha. Lakini huyu alikuwa mkaguzi. Bafuni kwake alikuwa na mizani aliyoirekebisha mwenyewe mpaka ikawa haikosei, na alijua jambo ambalo wajinga hawalijui: bilauri ya maji ina uzito, na sahani ya chakula ina uzito. Ukiongeza upande huu, punguza upande ule. Amekunywa bilauri, basi anaacha sahani. Amekunywa chupa, basi analala njaa. Namba ikawa ileile, wiki nenda wiki rudi. Wala hakujiona mdanganyifu. Alijiona fundi.

Kikwazo kilikuwa mkewe, ambaye alipika kana kwamba figo hupona kwa kubembelezwa. Alimletea samaki.

"Imekatazwa," Bwana Mizani alisema.

"Samaki, mume wangu? Samaki naye kafanya nini?"

"Hospitali wamekataza. Unataka niwabishie madaktari?"

Wiki iliyofuata kuku naye akakatazwa. Maharage yakatangazwa kuwa sumu. Maziwa, usiseme. Uongo huo ulikuwa na chembe ya ukweli ndani yake, na ndiyo sababu ulikaa imara: ni kweli wagonjwa wa figo wana vyakula vya kupunguza, na mama wa watu hakuwa na pa kuhakikishia. Akabaki kumpikia uji na wali mweupe, naye mzee aliugusagusa wali kwa uma, akauhamishia upande wa pili wa sahani, akasema ameshiba.

Sasa kiti cha pembeni yake, upande wa kulia, kilikuwa cha msichana mmoja fundi cherehani, mama wa mtoto mdogo, mgeni katika ugonjwa huo. Yeye ni mtu wa shoto, kwa hiyo sindano alichomwa mkono wa kulia ili mkono wake wa kazi ubaki salama. Miezi ya mwanzo alizidisha maji kila alipokuja, na kila alipokuja alilia kabla hata Sista Mkuu hajafungua kinywa. Mwisho Sista akachoka kumgombeza.

"Wewe kaa karibu na mzee huyu akufundishe. Mimi nimemaliza kamusi."

Bwana Mizani alimfundisha. Nani angekataa? Alimfundisha kwa sauti ya chini, kwa upole, kama mtu anayemrithisha mwanawe duka. Sahani na bilauri. Na wakikulazimisha nyumbani, mwanangu, waambie hospitali wamekataza. Hakuna anayebishana na hospitali. Fundi alisikiliza kwa makini, na baada ya muda mfupi namba zake zikatulia, machozi yakakauka, akaanza kumwita baba.

Kwa shukrani alimpunguzia suruali. Maana suruali za Bwana Mizani zilikuwa zimeingiwa na tabia ya ajabu: zilimteleza. Fundi alizichukua, akazibana kiunoni, akazirudisha. Baada ya miezi michache zikateleza tena.

"Baba, nimebana mara ya tatu hii. Una hakika hujakonda?"

"Mwanangu, mizani inasema sijapungua hata gramu."

"Haya," Fundi alisema, akivuta uzi kwa meno. "Basi ni suruali zinazokua."

Mzee alikubaliana naye kabisa. Alimweleza kwa kirefu jinsi vitambaa vya siku hizi vilivyo hafifu. Kati ya mizani na suruali, mkaguzi alijua shahidi yupi wa kumwamini. Wala hakutaka kuunganisha suruali na mambo mengine yaliyoanza kumpata: kwamba jioni vidole vya miguu vilimvimba vikawa kama vya mtoto mchanga, kwamba sasa alilalia mito mitatu, la sivyo pumzi ilimkaba, kwamba daktari alimwongezea vidonge vya presha na kisha akaviongezea vidonge hivyo wenzao. Uzee, alisema. Uzee hubeba lawama za wengi.

Ndipo alipokuja mtaalamu wa lishe.

Alikuwa binti mwembamba wa sauti ndogo, aliyehudumia hospitali kadhaa kwa zamu, na safari hii alikuja na mashine ya kuazima iliyoingia kwenye mkoba. Alisema anataka kupima miili ya wagonjwa. Bwana Mizani alimcheka kimoyomoyo. Kupima? Kwake yeye?

Binti alianza kwa kumzungushia utepe mkono wa juu, akaandika. Akampa kishikio cha chuma akikamue kwa nguvu zake zote. Mzee alikikamua mpaka jasho likamtoka kwenye paji la uso, na mshale ukasogea kidogo, ukatulia. Binti akamwomba ajaribu tena, kwa adabu, kama mtu anayedhani chombo kimeharibika. Kisha akamlaza kitandani kabla hajaunganishwa, akambandika vibandiko viwili mkononi na viwili mguuni, akaviunganisha kwa nyaya. Mzee hakusikia chochote. Mashine ililia mara moja, ikaonyesha namba zake, na binti akazitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyo heshima kumtazama mtu.

"Baba, unakula?"

"Nakula vizuri sana. Uzito wangu haujabadilika tangu mwaka juzi. Muulize Sista."

"Nimemuuliza. Ndicho kinachonitisha." Alivuta kigoda. "Mizani yenu pale mlangoni inasema kweli. Inajua una kilo ngapi. Haijui ni kilo za nini. Mashine hii inatenganisha: nyama kando, mafuta kando, maji kando. Nyama yako imekwisha sana, baba. Kila kilo ya nyama ikitoka, kilo ya maji inakaa mahali pake. Sisi tunakuosha mpaka kwenye uzito uleule, tunakupa hongera, unakwenda nyumbani umejaa maji. Ndiyo hiyo miguu. Ndiyo hiyo pumzi."

Bwana Mizani alikohoa kile kikohozi chake cha sokoni. Hakuna aliyefunga duka.

"Na damu yangu je? Sista anasema damu yangu ndiyo safi kuliko ya wote humu."

"Ni safi mno. Takataka za kwenye damu nyingi zinatokana na chakula. Jiko lisilowashwa halina majivu."

Hapo mzee alikumbuka magunia. Wafanyabiashara wakorofi walikuwa na mchezo wa kuyalowesha maharage kidogo usiku ule wa kuamkia mnada, ili maji yauzwe kwa bei ya maharage. Mizani haikuwahi kuwakamata. Gunia lilikuwa na kilo zake kamili. Aliyewakamata ni yeye, kwa kutia mkono ndani na kuminya. Alikuwa amewapeleka mahakamani watu wazima wenye wajukuu kwa kosa hilo, akawahubiria barazani kuhusu kuona haya. Akautazama mkono wake pale kitandani, akauminya kwa kidole gumba juu ya kifundo. Kidole kikaacha shimo, na shimo lile halikuwa na haraka ya kufukika.

Hata hivyo alikana. Mtu aliyezoea kusifiwa hakiri kwa siku moja. Alisema anakula samaki, kuku, maharage, yote, na binti akaandika, akatikisa kichwa, akasema basi huenda kuna ugonjwa mwingine, itabidi vipimo viendelee. Na vingeendelea, kama mkewe asingekuja mwenyewe.

Alikuja siku ya mashine iliyofuata, kitenge kimekazwa kiunoni, akitafuta anayeitwa mtu wa lishe. Hakuja kushauriwa. Alikuja kugomba.

"Ni wewe? Mtoto mdogo hivi? Hebu nieleze, mwanangu, mume wangu amewakosea nini? Samaki mmekataza. Kuku mmekataza. Maharage mmeyaita sumu. Mnataka ale nini, hewa? Mtu nimemvalisha soksi leo, mguu unabonyea kama unga!"

Binti wa lishe alitazama karatasi yake, akamtazama mama, akamtazama mzee aliyekuwa ghafla ameanza kusoma maandishi ya kwenye mtungi wa kuzimia moto.

"Mama, nani amemkatazia samaki?"

"Nyinyi!"

"Sisi? Mama, tunamtaka ale samaki. Ale kuku. Mtu anayeoshwa damu anahitaji vyakula hivyo kuliko mimi na wewe. Tunachomwomba apunguze ni maji na chumvi."

Mkewe aligeuka polepole. Hakupaza sauti, na hapo ndipo Bwana Mizani alipoogopa kweli.

"Kumbe ni wewe," alisema. "Miezi yote hii nalia jikoni najiuliza nimekosea nini kwenye chakula changu. Nikawa nawalaani madaktari wa watu usiku na mchana. Kumbe ni wewe unajiua kwa ajili ya kupigiwa makofi. Wahenga hawakukosea: mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Na wewe umejitia mwenyewe."

Alikiri yote pale pale: kiu, friji, bilauri na sahani. Kisha, kwa kuwa binadamu ni kiumbe wa ajabu, jambo la kwanza aliloomba halikuwa msamaha. Aliomba lisisikike chumbani. Binti akasema siri ya mgonjwa ni ya mgonjwa. Atamweleza daktari tu. Uzito mkavu utashushwa kidogo kidogo maji yakitolewa, maji ya kunywa yatapimwa kwa kikombe kimoja maalumu, na chakula kitarudi mezani. Hata akiwa kwenye kiti chake cha mashine ale kitu kidogo, mkewe amfungie. Halafu binti akafunga mkoba wake, akaenda na mashine ya kuazima kwenye zamu ya hospitali nyingine, hajawafikia hata nusu ya wagonjwa.

Mkewe hakumsemesha kwa siku kadhaa, lakini alimpikia, na safari hii alikaa kando ya meza mpaka sahani ilipobaki nyeupe. Maji yalipotolewa, pumzi ikarudi. Mito ikabaki mmoja. Na unajua Sista Mkuu alisemaje alipoona namba kwenye mizani zinashuka? Hakuwa na habari ya lile lililotokea. Aliona tu karatasi ya daktari yenye uzito mpya.

"Jamani, mzee huyu! Sisi tunapanda, yeye anashuka! Makofi!"

Wakampigia. Bwana Mizani alijua ilimpasa aseme neno. Alifungua kinywa, akakuta kimejaa tabasamu, akakifunga. Fundi alimpigia makofi kuliko wote, kwa kuugonga ubavu wa kiti kwa mkono wake wa shoto.

Haukupita muda mrefu. Asubuhi moja Fundi alipanda mizani, na Sista Mkuu akashika kiuno.

"Hajazidi kitu! Sawasawa na karatasi! Mwanafunzi amempita mwalimu. Kuanzia leo mfano wetu ni huyu binti. Mzee, umepinduliwa!"

Chumba kikacheka na kushangilia. Bwana Mizani naye alicheka, mpaka Fundi alipofika kwenye kiti chake na kujilaza. Blauzi yake ilikuwa imebanwa pembeni, mshono mpya kando ya mshono wa zamani kando ya mshono wa zamani zaidi. Pete ya ndoa aliizungushia uzi isimdondoke. Na chini kabisa, kwenye kandambili, miguu ilikuwa imemwagika kama unga uliozidi chachu.

"Mwanangu," alisema mzee. "Jana ulikula nini?"

"Uji, baba. Nusu kikombe." Alisema kwa fahari. "Mama amechemsha kuku, nikamwambia hospitali wamekataza."

Bwana Mizani alisikia aibu ambayo hakuwahi kuisikia hata mbele ya mkewe. Mwili wake ulikuwa wake, auharibu atakavyo. Huyu alikuwa na mtoto nyumbani, na alikuwa anakufa polepole huku akipigiwa makofi, kwa ufundi wa kwake yeye. Aliita, kwa sauti yote aliyokuwa amebakiwa nayo.

"Sista! Acheni makofi! Msimsifu! Hizo kilo si zake, ni maji! Na zangu zilikuwa maji! Nilikuwa nakunywa na kuacha kula, mimi ni mwongo, nimewadanganya wote humu!"

Sista Mkuu alikuja mbio. Alimtazama jasho lililokuwa likimtiririka, akamgusa paji la uso, akageukia mwenzake.

"Presha inashuka, mzee ameanza kuweweseka. Mlaze."

"Siweweseki! Nasema kweli!"

"Ndiyo, baba, ndiyo," alisema Sista kwa huruma, akibonyeza kitufe. Kiti kikalala, kichwa kikaenda chini, miguu ikapanda juu. Wakamzungushia utepe wa presha, wakasubiri usome. Walimwamini alipokuwa anadanganya. Leo anasema kweli, wanamwekea mto chini ya miguu.

Akiwa amelazwa hivyo, akitazama dari, na Fundi akiwa amekwisha kuunganishwa, Bwana Mizani alipapasa pembeni kwa mkono wake uliokuwa huru mpaka akakipata kifurushi alichofungiwa na mkewe. Ndani yake mlikuwa na yai la kuchemsha. Akalipitisha kwenye nafasi iliyokuwa kati ya viti viwili.

"Kula."

Fundi alirudisha kichwa nyuma. "Mayai yamekatazwa, baba."

"Nani kayakataza?"

Alimwangalia kwa mashaka, akiamini labda kweli presha imeshuka. "Si wewe?"

"Ni mimi," alisema Bwana Mizani. "Siyo daktari, siyo Sista. Ni mimi peke yangu, na nilikuwa mjinga. Nilikaribia kufa na sikukwambia, kwa sababu nilipenda kusifiwa. Kula, mwanangu. Nakuomba."

Fundi alinyoosha mkono wake wa shoto. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa kwenye mashine, kama ulivyofungwa wa kushoto wa mzee, na yai halimenyeki kwa mkono mmoja. Basi mzee akalishika, na Fundi akalimenya kwa vidole vyake vya shoto, ganda likidondoka sakafuni vipande vipande. Alilitia kinywani akauma kidogo, kwa woga, kama anayetegemea kuadhibiwa. Kisha akaacha kuuma kidogo kidogo. Alilimaliza akiwa amefumba macho, akalamba vidole, akauliza kama lipo jingine.